Hita Inapuliza Baridi

Jumatano, mwezi wa kumi. Jua la kuchoma kutwa nzima, upepo hakuna. Mawingu yamekaa kule juu Vidunda, yanatutazama tu.

Daftari langu, nimechoka. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima alituambia tuandike kila siku, japo mistari mitatu, herufi zisije zikatutoroka. Siku nyingi naandika "Leo nimekwenda Kilosa, nimerudi," nafunga. Leo hiyo haitoshi. Leo mikono yangu ni ya njano mpaka ndani ya kucha. Nimeiosha kwa sabuni ya mche, nimeisugua kwa mchanga, na bado ni ya njano.

Nianze asubuhi.

Nilipofika kwenye banda la gari, kabla jua halijatoka vizuri, nilimkuta Fundi Kaspari amekaa nje juu ya ringi ya tairi, fimbo yake mapajani. Ndani haruhusiwi kuingia. Wiki iliyopita kamati ya kijiji ilimsimamisha asiguse lori, na Ijumaa hii mkutano wa kijiji kizima utaamua kama atolewe karakana moja kwa moja apelekwe shamba la pamba. Kwa mtu mwenye miguu miwili mizima shamba si adhabu, sote tunalima. Lakini mguu wa kulia wa Kaspari ulivunjwa na korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, kule shambani, wakati wa Wazungu, na haukunyooka tena. Akisimama na jembe nusu saa anatafuta pa kukaa. Karakana ndiyo kazi yake na ndiyo heshima yake. Nje ya pale atakuwa mzee kilema wa kupelekewa chakula.

Wanasema ameliharibu gari la kijiji. Wamemwita mhujumu.

"Shikamoo, Fundi," nikasema.

"Marahaba, Rajabu. Umeamkaje?"

Hilo ndilo linalonimaliza. Shikamoo yangu anaipokea kila asubuhi, haina dosari, haina kinyongo. Na mimi ni mjumbe wa kamati ile kwa upande wa usafiri. Siku walipouliza nani anaunga mkono Kaspari asimamishwe, mkono wangu ulikuwa juu pamoja na mingine. Yeye alikuwa amekaa mbele yetu, anatazama. Aliuona.

Asubuhi hii hakusema habari ya mkutano. Alisema habari ya gari, maana mtu huyu hajui kuzungumza kitu kingine.

"Ukianza kupanda kule mbele ya Zombo, gari likichemka, fungua hita," akaniambia. "Weka mkono pale inapopulizia. Ikipuliza moto, maji yanatembea, tafuteni ubovu kwingine. Ikipuliza baridi na injini inachemka, kuna mahali pameziba. Utoe mipira yangu yote miwili ya hita, uipulize kwa mdomo. Ikiwa imeziba mipira, basi kosa ni langu na Ijumaa sitafungua mdomo. Ikipitisha, ipulize na hita yenyewe."

Nikasema sawa, Fundi. Nikapanda, nikawasha.

Nieleze hiyo hita, maana hata hapa kijijini wengi hawaijui. Lori letu lilikuwa la shamba la mkonge, likaja kwetu kijiji kilipoanzishwa. Liliagizwa kutoka kwa watu wa baridi, kwa hiyo chini ya dashibodi lina kirejeta kidogo. Mabomba mawili membamba, ambayo sasa ni mipira ya Kaspari, yanatoka kwenye injini, moja linapeleka maji ya moto kwenye kile kirejeta, jingine linayarudisha, na kuna feni inapuliza ule moto miguuni mwako. Huku Kilosa, kwa joto letu hili, ukimwashia mtu hita atadhani unamtesa. Lakini Kaspari alinifundisha zamani, nilipokuwa naanza usukani, kwamba mlimani injini ikianza kuelemewa, ufungue hita. Moto unagawana njia. Miguu yako inaungua, jasho linakutoka mpaka kwenye soksi, ila injini inapona. Miaka yote hiyo nimepanda vilima kwa hila ile na hakuna abiria aliyenishukuru.

Leo kibandani nilikuwa na Bi Mwanahawa, mama wa duka la ushirika, ambaye naye ni mjumbe wa kamati. Alikuwa anakwenda Kilosa kuchukua bidhaa za duka: chumvi, sabuni, viberiti, mafuta ya taa, na bati za zahanati. Kwenda hakukuwa na tabu, kulikuwa na ubaridi wa asubuhi na gari jepesi. Tulipakia mpaka saa tano, tukarudi. Kuvuka mto Miyombo sawa. Kijiji cha Ulaya sawa, nikaongeza maji. Baada ya Zombo, kwenye kile kilima kirefu, mshale wa geji ya joto ukaanza kupanda.

Nikafungua hita. Nikasukuma mkono chini ya dashibodi.

Hewa tupu. Si moto, si vuguvugu, ni upepo wa nje unaopita tu. Mbele yangu mvuke unaanza kutoka kwenye mdomo wa rejeta, na chini hita inapuliza baridi.

Bi Mwanahawa akanyoosha miguu yake, akafumba macho. "Alhamdulillahi," akasema. "Leo Baba Zaina umetuonea huruma. Kumbe kipo kitu cha upepo humu na ulikuwa unatunyima."

Mimi nilishaanza kujua.

Nikaegesha pembeni, nikatia jiwe nyuma ya tairi. Tukangoja. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi kwa moto, mwenye haraka hiyo namjua, uso wake mpaka leo una mabaka. Bi Mwanahawa akakaa kwenye kivuli cha lori na kanga yake kichwani. Nyani wawili wakaja kutuangalia, wakaona hatuna cha maana, wakaondoka.

Injini ilipopoa nikafuata kama nilivyofundishwa. Mkanda wa feni, mzima. Pampu ya maji, haina mchezo. Mpira wa juu wa rejeta bado una moto, wa chini umepoa kama maji ya mtungi. Nikalegeza klipu, nikatoa mipira miwili ya hita, ile ya Kaspari, aliyoikata kutoka kwenye mpira wa kumwagilia bustani na kuifunga kwa vipande vya bati la debe. Nikapuliza wa kwanza. Unapitisha. Nikapuliza wa pili, unapitisha mpaka vumbi likaruka upande wa pili. Nikachungulia ndani, safi kama filimbi.

Nikaweka mdomo kwenye bomba la hita yenyewe. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Hakuna kitu. Nikachukua spoki ya baiskeli ninayoweka chini ya kiti, nikaichomeka, nikakoroga, nikavuta.

Likatoka tope. Nimeona matope mengi katika kazi hii. Kutu ni nyekundu. Chumvi ya maji ya kisima ni nyeupe. Tope la mto ni la kahawia. Hili lilikuwa la njano, zito kama uji wa mtoto, likaniganda vidoleni. Na lilikuwa na harufu.

Basi sina budi kuliandika.

Ni bizari. Na niliitia mimi.

Mwezi wa nane, siku ya wageni wa mkoa, nilikuwa natoka Kilosa na Mwenyekiti wetu wa kijiji kibandani. Amevaa viatu vipya, nguo zimepigwa pasi, anatazama saa kila dakika kwa sababu wageni walikuwa njiani kuja na yeye ndiye mwenyeji. Bomba la hita lilikuwa limetoboka tundu la sindano. Tone, tone, tone, juu ya kiatu chake cha kulia. Akanitazama. Nikasimamisha gari, nikamwambia naangalia tairi.

Kila dereva wa huku anaijua dawa ya bizari. Rejeta ikivuja na wewe uko porini, unatia bizari kidogo kwenye maji, inazunguka na maji, inavimba, inaenda kujikita penye tundu na tundu linaziba. Wengine wanatia yai, wengine unga wa muhogo, namjua mmoja alitia tumbaku. Bizari ndiyo bora. Lakini ni kijiko kimoja cha chai kwa gari zima, na ukifika nyumbani siku hiyo hiyo unamwaga maji yote, unasafisha. Hiyo ndiyo sheria yake. Kaspari aliniambia hivyo mara mia.

Mimi nilikuwa na pakiti kubwa ya bizari niliyoinunua Magomeni pale Kilosa. Mke wangu alikuwa ameniagiza kwa ajili ya shughuli ya posa ya binti yetu, Zaina. Nikatia kijiko kimoja. Nikachungulia, linadondoka. Nikatia kingine. Mwenyekiti akapiga honi. Akapiga honi, jamani, mimi niko chini ya boneti ya gari ninaloliendesha mwenyewe! Nikashikwa na hofu ya kijinga, nikamimina pakiti nzima.

Likaacha kudondoka. Tukawawahi wageni. Jioni Mwenyekiti akaniita mbele ya watu akasema, huyu ndiye dereva, mambo yake kimyakimya. Nikacheka, nikapokea sifa. Maji sikumwaga. Kesho yake nilikuwa na safari, keshokutwa safari, baadaye nikasahau. Si kweli, daftari. Sikusahau. Niliona gari linakwenda nikasema, ah, potelea mbali.

Nyumbani nilimwambia mke wangu bizari hakuna Kilosa nzima. Hakubisha. Siku hizi ukisema kitu hakuna dukani, nani atakubishia?

Baada ya wiki mbili likaanza kuchemka. Wakamwita Kaspari. Alibadilisha yale mabomba yaliyooza akatia mipira, na kabla hajafunga, akaniita pembeni ya banda.

"Rajabu," akasema, "umetia kitu chochote humu?"

"Maji tu, Fundi."

Akanitazama. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Gari nalo ni hivyo hivyo."

"Maji tu," nikasema tena.

Akaomba siku mbili ashushe rejeta na hita, azioshe kwa magadi na maji ya moto. Mwenyekiti akakataa, pamba inangoja, gari litembee. Likatembea. Wiki tatu zilizopita likachemka kwenye kilima hiki hiki na pamba ya kijiji kizima mgongoni. Nguvu ya mvuke ikachomoa mpira mmoja, maji yote yakamwagika. Watu wakashuka kwa miguu mpaka Zombo. Pamba ililala porini siku mbili, nyani wakaichezea mpaka mitini ikawa inaning'inia. Ndipo kila mtu akauliza ni mpira wa nani huo uliochomoka. Wa Kaspari. Nani aliyetoa mabomba ya chuma akatia mpira wa bustani? Kaspari. Mmoja akasema labda yale mabomba ameyauza. Mwingine akasema alizoea kutumikia Wazungu, ana kinyongo na mambo ya kijiji. Hayo nilikaa nikayasikia yote. Mtu aliyenishika mkono akanifundisha klachi! Nikainua mkono uleule.

Ndivyo nilivyokuwa leo porini, mkono wa njano, nimeduwaa. Mara nasikia nyuma yangu:

"Hee! Mbona kunanukia mchuzi? Nani anapika huku?"

Bi Mwanahawa alikuwa amesimama karibu, pua juu.

"Ni kutu hiyo, Bi Mwanahawa," nikasema. "Kutu ya siku nyingi inanuka hivyo."

"Kutu."

"Ndiyo."

Akatazama mkono wangu. Huyu ni mwanamke anayepima bizari kwenye vikaratasi vya gazeti tangu duka la ushirika lilipofunguliwa, na mimi namwambia kutu. Hakunibishia. Akarudi kwenye kikapu chake, akapekuapekua, akaja na kikopo kitupu cha mafuta ya kujipaka, na kifuniko chake.

"Weka kutu yako humu," akasema. "Ijumaa mkutano upate kuinusa."

Nikaweka. Nikachukua mpira mmoja nikaunganisha yale matundu mawili ya injini, maji yazunguke bila kupita kwenye hita, nikajaza rejeta kwa debe, tukaondoka polepole kama watu wanaosindikiza maiti. Nilisimama mara nne kulipumzisha. Kila tukisimama Bi Mwanahawa alikuwa akikohoa kidogo.

Tulifika alasiri. Kaspari alikuwa palepale juu ya ringi. Sijui kama alikwenda kula.

"Ilipuliza nini?" akauliza, hata kabla sijazima.

"Baridi."

"Na mipira?"

"Inapitisha. Yote miwili."

Akafumba macho. Akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Mzee wa watu alikuwa amejishuku mwenyewe. Wiki zote hizi alikuwa analala akijiuliza kama ni kweli mkono wake umezeeka, kama kweli alifunga vibaya. Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Mimi nilifikiri analaumiwa tu na watu.

"Sasa hita imezibwa na nini?" akauliza.

Hapo ndipo. Kikopo kilikuwa mfukoni, kinanichoma paja. Mdomo niliufungua, wallahi niliufungua.

"Nitaiangalia vizuri kesho, Fundi," nikasema.

"Haya. Asante, Rajabu," akasema. "Umenisaidia sana leo."

Amenishukuru. Mimi.

Nimefika nyumbani sina hata hamu ya maji. Nikavua shati na suruali ya kazi, nikaenda kuoga. Narudi, namkuta Mama Zaina amekaa kwenye kigoda, nguo zangu za kufua miguuni mwake, kikopo kiko wazi mkononi. Alikuwa amekishika karibu na pua. Hakuinua uso.

"Hii ni bizari," akasema.

Nikakaa juu ya kinu kilicholala pale. Nikamwambia. Ni mara ya kwanza maneno haya yanatoka kinywani mwangu, na yalikuwa machache kuliko nilivyodhani. Nilitia bizari ya Zaina kwenye gari. Nilitia yote. Nikasema hakuna dukani. Nikasema maji tu. Nikanyoosha mkono Kaspari asimamishwe.

Nilingoja anifokee. Ana haki, na kufoka anajua. Siku ya posa wakwe walipakuliwa wali na mchuzi mweupe, mchuzi wa mgonjwa, na yeye alipita kwa kila mgeni mkubwa akiinama na kuomba radhi: mtusamehe, baba yake amezunguka Kilosa nzima hajapata. Wengine walimhurumia kwa kuwa na mume mwenye bidii hivyo. Shangazi yake bwana harusi alisema mchuzi ule utasemwa mpaka Morogoro, na umesemwa.

Hakufoka. Akafunga kifuniko taratibu, akakiweka chini.

"Bizari itanunuliwa nyingine," akasema. "Kaspari je?"

"Ijumaa nitasema. Mbele ya mkutano, mbele ya watu wote. Nimeshaamua."

Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Ijumaa ni mbali, Baba Zaina," akasema. "Kwa Kaspari ni nyumba ya tano kutoka hapa."

Akachukua nguo zangu akaenda kuziloweka. Mimi nikachukua wewe, daftari, nikakaa hapa mlangoni naandika. Na nikuambie ukweli wa mwisho wa leo: kurasa zote hizi nimezijaza ili nisisimame. Nyumba ya tano. Mtoto anatambaa anafika.

Ninachoogopa nakijua. Nikisema, usukani wataunyang'anya. Tangu ujana wangu sijafanya kazi nyingine. Watu hawaniiti hata jina, wananiita Dereva. Wakinivua hilo, sijui nitakuwa nani humu kijijini. Nitapewa jembe. Na nina miguu miwili, sina hata kisingizio. Lakini hicho ninachokiogopa mimi ndicho nilichokuwa namvisha Kaspari, yeye mwenye mguu mmoja mzima, nikijiambia kwamba yeye ni mzee, atazoea.

Pengine wataniacha. Pengine Bi Mwanahawa ameshasema, au anangoja kuona mimi ni mtu wa namna gani. Mwenyekiti naye hatapenda kusikia habari ya ile honi. Sijui. Nimechoka kupiga hesabu za uongo wangu, upi nilimwambia nani. Mke nimemdanganya, fundi wangu nimemdanganya mara mbili, leo nimemdanganya mama wa watu porini kwa jambo ambalo pua yake ilikuwa inamwambia wazi. Yote hayo kwa bizari ya pakiti moja.

Jua limegusa mlima. Adhana ya magharibi bado kidogo.

Nasikia nyundo. Nilidhani ni kwa jirani wa pembeni, lakini nimetega sikio na inatoka mbele zaidi, nyumba ya tano. Naujua mpigo wake, mbili nyepesi, moja nzito. Anakata bati la debe. Anatengeneza klipu mpya za hita, za kesho, kwa gari ambalo wamemkataza asiliguse, kwa sababu mimi nimemwambia kesho nitaangalia vizuri na yeye ameniamini.

Mama Zaina amepita, amekiweka kikopo hapa juu ya ukurasa. Kimeacha duara la njano kwenye karatasi.

Basi, daftari. Nakufunga. Nakwenda sasa hivi, kabla hajamaliza klipu ya pili.